Staa kamwaga lawama kwa fundi wa Matemwe, lakini ile Alphard imebandukaje?

Kuna video imezunguka sana kwenye simu za watu wa Unguja. Staa mmoja wa Bongo Fleva, jina lake halitajwi hapa ila wadau washamjua, kasimama mbele ya Alphard yake nyeusi anabandua boneti kwa kucha. Kinatoka kipande kizima kama ganda la kitunguu. Anakipeperusha mbele ya kamera, anacheka, kisha anasema hiyo ndo kazi ya mafundi wa Zanzibar, na kwamba mwenye akili yake asipeleke gari Matemwe.

Jina la fundi hakulitaja. Lakini Matemwe si Kariakoo. Ukisema fundi wa kupiga rangi gari kule, kuanzia Kigomani mpaka Mbuyutende watu wanajua ni yule mzee wa chini ya mkungu, mwenye kompresa moja na turubai la bluu. Ndani ya siku mbili jina lake likawa limeandikwa chini ya ile video na watu ambao hawajawahi hata kuvuka Kinyasini. Mwenye hoteli mmoja aliyekuwa ameshaongea naye juu ya gari zake mbili za kubebea wageni akaahirisha. Akaahirisha tena. Sasa hapokei simu.

Hapo ndo utani unapoisha. Staa akikosea gari moja anayo nyingine, au atapewa ya kutangaza. Fundi wa kijijini mtaji wake ni mdomo wa watu, na mdomo wa watu ushaharibiwa na mtu mwenye wafuasi wengi kuliko wakazi wa Unguja nzima.

Sasa ukweli usemwe: ile video yenyewe ndo shahidi wa fundi. Hebu irudie taratibu, pale anapokipeperusha kile kipande. Kipande hakina rangi. Kinapitisha mwanga kama nailoni ya mkate. Na pale kilipotoka kwenye boneti, weusi upo palepale, umetulia, haung'ai tu. Yaani rangi haijabanduka. Kilichobanduka ni klia, na klia ikitoka kwa mapande makubwa masafi namna ile, mafundi wanajua imetokana na nini.

Kwa wasiojua, gari inapigwa rangi kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza ni ya zamani, rangi ya mkono mmoja: weusi na mng'ao vimo ndani ya kopo moja. Fundi anachanganya na hadena, anapiga mikono miwili au mitatu, ikikauka inang'aa yenyewe. Ya pili ni ya tabaka mbili. Inapigwa kwanza rangi ya chini, ambayo ikikauka inakuwa imefifia kama ubao wa skuli, halafu juu yake inapigwa klia, kitu kama vanishi isiyo na rangi. Mng'ao wote unaouona kwenye gari za kisasa ni wa klia. Rangi yenyewe imelala chini, haiguswi na kitu.

Watu wa pwani hawakupaswa kushangazwa na mambo ya tabaka. Wazee wa Matemwe walikuwa wakipaka deheni chini ya chombo, chokaa na mafuta, na mbao za juu wakizipaka sifa, yale mafuta ya papa yanayonuka mpaka nguo zako zinakataliwa nyumbani. Na walijua kitu kimoja ambacho staa hakijui: chombo hupakwi kikiwa na chumvi. Kwanza unakipandisha, unakikwangua, unakiacha kikauke. Hata mtoto anayechunga ngalawa anakujua hiko.

Basi kwa mujibu wa vijana waliokuwepo pale chini ya mkungu, mambo yalikwenda hivi. Ilikuwa Januari ya mwaka jana, kaskazi imeshika. Staa alikuja na gari kwa meli, ikaparuzwa ubavu wakati wa kupakia, na yeye alikuwa na video ya kushuti ufukweni wiki hiyohiyo. Akaelekezwa kwa mzee.

Mzee akaizunguka gari akamwambia, "Mwanangu, hii nyeusi yako si ya lulu wala si metaliki, ni nyeusi tupu. Nikupigie ya mkono mmoja yenye hadena. Ikifubaa utaipiga polishi, itarudi. Kwa jua hili na chumvi hii utanishukuru."

Staa akacheka. "Mzee wangu, mimi sipakwi rangi ya daladala. Weka klia, gari ing'ae kama kioo."

Haya, mteja kasema. Mzee akanyoosha, akaweka puti, akapiga praima, akapiga ile rangi ya chini ubavuni na kwenye boneti. Kesho yake asubuhi ilikuwa apige klia. Lakini staa alipofika akaiona gari nyeusi isiyong'aa hata kidogo, akapagawa. Akasema hii ndo anayoitaka kwenye video, nyeusi ya kijeshi. Mzee akamwambia gari haijamalizika. Staa akachukua funguo.

Siku tatu. Gari ilikuwa Muyuni, maji yakiwa yametoka, inapitishwa kwenye mchanga mweupe na Mnemba nyuma yake, upepo wa kaskazi unapuliza chumvi moja kwa moja kutoka baharini. Wasichana wa kwenye video wamekaa juu ya boneti wamejipaka mafuta ya nazi. Aliyewahi kuitazama ile video ya wimbo atakumbuka kuwa gari inaonekana kama velveti. Ilipendeza, hilo halikatai mtu.

Siku ya nne ikarudishwa, saa nne asubuhi, na meli inaondoka jioni. Mzee akasema inabidi aioshe kwa maji ya mvua, aifute mafuta, aipige msasa laini boneti yote na ubavu wote, arudie mkono mmoja wa rangi ndipo aweke klia, na kazi hiyo inataka siku mbili. Jibu alilopewa wale vijana wanalikumbuka mpaka leo: "Futa futa tu mzee, piga klia, mimi nina shoo."

Mzee akafuta futa. Akapiga klia. Gari ikang'aa kama kioo, staa akajipiga picha nayo, akamwachia mzee pesa na ahadi ya kumtangaza. Ahadi aliitimiza kwa namna yake.

Sasa kwa nini imebanduka? Rangi ya chini ina muda wake. Inapokauka kidogo, bado imefunguka, klia ikija juu yake inaingia na kushikana nayo. Zinakuwa kitu kimoja. Makopo mengi yanaeleza klia iwekwe ndani ya siku hiyohiyo, na ikipita kama siku nzima hivi, lazima rangi ikwaruzwe kwa msasa ili klia ipate pa kukamata. Ikipita siku tatu, tena siku tatu za chumvi na mafuta ya nazi, klia inakuwa imekaa juu tu kama sahani juu ya meza. Siku ya kwanza huoni tofauti. Hata mwezi wa kwanza. Halafu jiwe dogo linaruka barabarani linatoboa tundu, maji yanaingia, jua linapasha, mvuke unasukuma kwa chini, na siku moja mwenye gari anajikuta ana kucha yake na kamera yake.

Na hili si sawa na klia iliyokufa kwa jua. Klia inayochoshwa na jua inaanzia paa na boneti, inafanya ukungu mweupe, madoa kama maziwa yaliyomwagika, kisha inapukutika vipande vidogo vya kukera. Gari ngapi za Unguja zina paa la namna hiyo! Ile ya staa haina ukungu popote. Paa ambalo halikuguswa na mzee, lenye klia ya kiwandani, limekaa sawa. Imebanduka palepale tu palipolala siku tatu bila klia.

Lakini fundi naye asitoke msafi kabisa. Alijua. Alisema. Kisha akafanya. Fundi anayejua kwamba kazi itabanduka halafu anaipiga kwa sababu mteja ana haraka na jina, anakuwa ameuza jina lake yeye. Alipaswa kumrudishia funguo na kumwambia akapige klia Dar es Salaam. Ni rahisi kusema, ukikumbuka kwamba siku hiyo kulikuwa na ada za skuli za kulipa, ila ndo hivyo. Wadau wengi wanaomtetea hawataki kuligusa hili, na wanamharibia zaidi.

Turudi kwenye ile kauli ya "rangi ya daladala," kwa sababu ndiyo iliyozaa yote.

Mwezi uleule, chini ya mkungu uleule, mzee alipiga Noah moja nyeupe ya kijana anayebeba wageni kutoka uwanja wa ndege. Rangi ya mkono mmoja, yenye hadena, mikono mitatu, hakuna klia. Ile Noah hailali kivulini. Inaoshwa kwa maji ya kisima ambayo ukiyaonja unajua bahari haipo mbali. Imekula kaskazi, masika, kusi na vuli, imerudia kaskazi nyingine. Ilifubaa, ndiyo. Kabla ya Idi yule kijana alichukua polishi na kitambaa, akakesha nayo, na asubuhi watu walimuuliza kama kabadilisha gari. Kitambaa kilikuwa cheupe pepepe kwa rangi iliyotoka.

Hapo ndipo ilipo siri ya rangi ya mkono mmoja. Imejaa rangi kuanzia juu mpaka chini. Jua linakula ngozi ya juu, inakuwa kama chaki, unaisugua ile chaki unakutana na rangi nzima chini yake. Unaweza kufanya hivyo miaka, mpaka siku utakapoiona praima. Klia nayo unaweza kuipiga polishi, lakini ni nyembamba. Ya kiwandani mara nyingi ni maikroni 40 au 50 hivi, unywele wa mtu ni mnene kuliko hapo. Na dawa ya kuzuia jua imo ndani ya ileile klia, kwa hiyo kila ukisugua unapunguza mwavuli. Ikishaanza kupukutika hakuna polishi, hakuna nta, hakuna dua. Ni kukwangua boneti nzima na kuanza upya.

Vilevile mchubuko. Noah ikichubuliwa na baiskeli, mzee anapiga palepale na pembeni kidogo, anaunganisha kwa msasa namba 2000 na polishi, basi. Ya klia inabidi klia ivute boneti nzima au mlango mzima, maana ukiikatisha katikati ile mpaka itaonekana, na baadaye itaanza kunyanyuka pembeni.

Basi jina baya la rangi ya mkono mmoja limetoka wapi? Limetoka kwenye vitu viwili ambavyo si yenyewe. Kuna mafundi wanapiga rangi za NC, zile zinazokauka haraka kwa thina tu bila hadena. Nusu saa gari kavu, miezi sita gari imefubaa. Ukitaka kuitambua, lowesha kitambaa kwa thina na usugue mahali pasipoonekana: NC inayeyuka na kubaki kitambaani, yenye hadena iliyokauka vizuri inagoma. Na wapo wanaothubutu kupiga gari rangi ya mafuta ya madirisha. Mteja anaona "haina klia," imepauka, anahitimisha klia ndo kila kitu. Kumbe kilichokosekana ni hadena.

Wengine wanaringa na klia ambayo hawana. Gari nyingi za Toyota nyeupe tupu zilizotoka Japani, zile zenye namba ya rangi 040 kwenye kibati chake, zilitoka kiwandani bila klia. Ni rangi ya mkono mmoja. Kipimo ni kidogo tu: kitambaa cheusi, polishi kidogo, sehemu ya ndani ya mlango. Kitambaa kikitoka na weupe, hakuna klia pale. Kuna watu Mjini wangefanya hivyo leo, kesho wangekaa kimya kwenye vijiwe.

Na hata kiwanda kinakosea. Huko Marekani, Toyota walilazimika kuweka mpango wa kuwapigia upya wateja wa baadhi ya magari meupe, hiyohiyo 040 pamoja na nyeupe ya lulu 070, kwa sababu rangi ilikuwa inatoka kwa mapande. Jua lilipenya mpaka tabaka la chini kabisa, likaachia bati. Kiwanda chenye roboti, chumba kisicho na vumbi na tanuri la kukaushia. Lakini hakuna aliyesimama kwenye kamera akasema mwenye akili asinunue gari.

Haina maana kwamba klia ni mbaya. Gari ya metaliki au ya lulu inaihitaji, maana metaliki ya mkono mmoja ukiipiga polishi unazisumbua zile chenga za kung'aa, unabaki na madoa. Nyekundu ya mkono mmoja kwa jua la hapa inaelekea kwenye waridi kabla mwenyewe hajamaliza kuilipia. Na nyeusi ya mkono mmoja aliyoshauri mzee ingetaka polishi ya mara kwa mara, pengine kila miezi mitatu minne, kazi ambayo staa asingeifanya kwa mkono wake. Mtu mwenye banda, mwenye maji baridi ya kuoshea, anayepaka nta na hafuti vumbi kwa kitambaa kikavu, aweke klia, itamtunza. Mchanga wa Matemwe ni matumbawe yaliyosagika. Ukiufuta mkavu juu ya klia nyeusi umeipiga msasa bila malipo.

Ila gari ya kazi, nyeupe, inayolala nje mita mia kutoka kwenye mawimbi, inayooshwa na kisima? Klia ya nini? Ya kumfurahisha nani? Upepo wa kaskazi unakuja usoni, kusi unakuja ubavuni, na hakuna mlima wala mji wa kuuzuia. Pale panataka rangi ambayo mwenyewe anaweza kuihuisha kwa mikono yake akiwa na siku moja na kopo la polishi.

Kuna jambo moja ambalo hapo klia na mkono mmoja hazina mshindi, na hakuna aliyelitaja chini ya ile video. Ile hadena. Ndani yake mna kemikali ziitwazo isosayaneti, na moshi wake wakati wa kupiga ni miongoni mwa sababu kubwa zinazojulikana za pumu ya kazini kwa wapiga rangi wa magari dunia nzima. Barakoa ya vumbi haizuii, fulana iliyofungwa puani ndo kabisa. Wenzetu huko wanavaa kinyago chenye mpira unaoleta hewa safi kutoka nje. Mzee wa chini ya mkungu ana leso ya mkewe. Vijana wake wanasema siku za klia usiku hulala ameegemea mto, na kikohozi chake kinasikika nyumba ya tatu. Siku ile ya staa alipiga boneti na ubavu mzima, kwenye upepo, akiwa anakimbizana na meli.

Kwa hiyo anayetaka kumlaumu amlaumu kwa kukubali haraka za mtu. Hilo ni kosa lake. Kumwambia hajui kazi ni uzushi, na aliyeuzusha anazo video zote mbili kwenye ukurasa wake: ile ya wimbo inayoonyesha gari ikiwa haijamalizwa imepakiwa chumvini, na ile ya kucha. Akiziweka pamoja hahitaji fundi wa kumweleza. Kuifuta ya pili na kusema maneno mawili kwa sauti ileile aliyotukania, hakumgharimu bando kubwa.

Mpaka sasa haijafutwa. Lakini wiki iliyopita dereva wake alipiga simu Matemwe, kwa sauti ya chini, kuulizia boneti na ubavu vinaweza kurudiwa kwa bei gani. Mzee aliuliza kwanza gari itakaa siku ngapi. Dereva akasema mbili. Mzee akamwambia wiki, na funguo zitakaa kwake.